Kondoo Waliokunywa Chemolok

Jeddah, 6 Machi 2016

Mwanangu Chebet,

Natumaini u mzima na madamu wako amepunguza makelele. Mimi figo zimenigomea, na madaktari wameacha kunidanganya. Nami niache kukudanganya wewe.

Nimekuficha jambo. Kampuni iliyonileta huku kukagua kondoo bandarini ndiyo ile ile iliyolima barsimu, majani ya malisho, kwetu Chemolok, na pampu zake zikaimaliza chemchemi. Majani yale hufungwa na kuletwa huku kulisha kondoo wanaposubiri bandarini. Kila kondoo ninayempitisha amekunywa maji yetu, na nilijua.

Barua hii anaileta Ibra, dereva wa lori la kwenda Al-Sulay, huko kwako Riyadh, maana simu yako najua imo kabatini kwa madamu.

Baba yako

Riyadh, 20 Machi 2016

Baba,

Pole sana na figo. Mimi sijambo, mgongo tu.

Juzi walikuja wageni. Kondoo mzima juu ya wali, wakamdonoa mbavu, basi. Madamu akasema, "Yalla, tupa!" Nikaomba nimpe mlinzi. "Mafi, hakuna! Tupa, halas!" Nikamtia kwenye mfuko wa taka, kichwa kikanitolea meno. Tangu siku hiyo nyama hainipiti kooni. Watoto wa nyumba wananirushia majani ya saladi: "Kula, Shebet, mbuzi wetu!" Na sasa waniambia nilikuwa natupa maji ya kwetu.

Nilimwacha Titus kwa sababu ya maji hayo. Nilimwambia mbele ya watu kuwa silali na mtoto wa chifu aliyetuuza. Sasa ameniandikia nirudi. Anaapa kuwa chifu Jeremiah, baba yake, alitia sahihi ya kuipa kampuni ardhi bila kujua. Mkataba wangu wa kazi unaisha Juni. Wewe ulikuwepo kwenye mkutano ule wa wazee na kampuni. Nijibu tu: chifu alituuza au hakutuuza? Ukisema hakutuuza, narudi kwa mume wangu.

Binti yako, Chebet

Jeddah, 2 Aprili 2016

Chebet,

Salamu. Miguu imevimba, ila ulimi bado mzima.

Usijitie utawa. Kondoo akishachinjwa, usipomla wewe atamla paka. Mimi nimewaona wakishushwa melini wamekufa kwa joto, ndimi nje, na jioni nikala mishikaki, tena nikaongeza.

Kuhusu Titus, mwanamume anayemtetea baba yake hivyo hatakuheshimu kamwe. Ongeza mkataba.

Baba yako

Riyadh, 9 Septemba 2016

Baba,

Habari za maumivu? Mimi naendelea.

Nilikutii. Titus ameoa. Mwezi uliopita chifu Jeremiah alifariki. Hakuna mzee aliyekubali kushika jembe. Titus alimchimbia baba yake kaburi peke yake. Wakachinja fahali kama desturi, na hakuna jirani aliyekuja kula. Nyama ilikaa juani, mbwa wakamaliza.

Sikusikitika. Nilisema: amekunywa alichouza.

Ibra ananiambia huwezi tena kushika kikombe. Ugua pole.

Binti yako, Chebet

Jeddah, 30 Septemba 2016

Chebet,

Anayeandika ni Selipher, muuguzi kutoka Kisii. Usimchukie yeye kwa maneno yangu. Sikuulizi hali, maana ninayoyasema yataiharibu.

Swali lako la Machi nililielewa vizuri. Nililikimbia.

Siku ya mkutano mgeni wa kampuni alizungumza Kiarabu kitupu, na aliyekijua ni mimi peke yangu, niliyesomea udaktari wa mifugo Khartoum. Akasema wanataka ardhi ya kupanda malisho. Wazee wakafurahi. Chifu Jeremiah hakufurahi. Alisimama akauliza, "Malisho ya mifugo ya nani?"

Nikalifikisha swali. Mgeni hakuficha kitu, alijibu waziwazi: ya kondoo wa Jeddah. Nilikuwa nimeshaahidiwa kazi.

Wote wakanigeukia wasikie jibu. Nikamtazama chifu usoni, nikamtafsiria: "Ya ng'ombe wenu."

Baba