Maneno Yaliyomfikia Baba kwa Wakati

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea simuni kimekuachia? Usikidharau, wewe ukiugua huko, Mama huku ndiye anayekosa usingizi. Sisi tu wazima. Mama analalamikia goti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona mgonjwa.

Uliniuliza kwa nini Baba hakai tena sebuleni. Nilikukwepa, maana jambo lenyewe lilikuwa chungu kulisema kwa simu. Sasa nakueleza.

Unajua mashine za kupasulia mbao zilivyomla masikio. Ndiyo maana niliiweka kompyuta yangu ya mezani karibu na kiti chake, nikaitia programu inayosikiliza watu wakizungumza na kuandika maneno yao kwenye skrini. Ilifanya kazi, ila kwa kujikokota. Tulikuwa tumeshafika mbali, yeye bado anasoma tuliyoyaacha nyuma.

Basi siku moja jirani yetu fundi saa alikuja. Mama akamtania kidogo, tukacheka. Kisha yule mzee akainamisha kichwa, akatuambia dada yake amefariki. Wakati huohuo utani wa Mama ndio ukawa unamfikia Baba. Kaka, Baba alicheka. Kile kicheko chake cha kutikisa kiti. Alipoinua macho akaona nyuso zetu, akajua amekosea, lakini hakujua amekosea nini mpaka skrini ilipomwambia.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa fundi saa kumwomba radhi, na yule bwana, Mungu ambariki, akamkumbatia mlangoni. Lakini aibu ilishamkaa Baba moyoni. Akaanza kulia chakula chumbani. Ukimwita anapunga mkono: "Endeleeni tu, mimi nimechoka." Mama anaosha sahani yake peke yake.

Nikaanza kutafuta dawa. Kompyuta mpya hatuna uwezo nayo kwa sasa. Nikasoma kwamba programu za mfumo unaoendesha kompyuta yetu hutoka kwenye maghala ya mtandaoni, na zile za ghala la kawaida hutengenezwa ziweze kufanya kazi hata kwenye mashine za zamani sana. Kwa hiyo prosesa yetu, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa na nguvu nyingine ambazo programu hazikuzigusa kabisa. Yapo maghala mengine yenye programu zilezile, zilizotengenezwa upya kwa ajili ya prosesa za kisasa zaidi, na yamepangwa kwa ngazi.

Mimi na pupa yangu, nikachagua ngazi ya juu kabisa. Nikabadilisha kila kitu, nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Haikuwaka. Skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa kulalamika. Mama akaja akasimama nyuma yangu.

"Umeyaua masikio ya baba yako," akasema, akaenda zake jikoni.

Nikaichomoa kwenye umeme.

Ofisini nikamweleza fundi wetu wa mitambo, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu. Akaniuliza aina ya prosesa, akafikiri, akasema, "Hiyo haijafika ngazi hiyo. Inapewa amri isizozijua, inagoma. Shuka ngazi moja. Na safari hii angalia kwanza kabla ya kuruka."

Nikarudi nyumbani na flashi yenye mfumo wa kuanzia, nikaiwasha mashine kupitia hiyo, nikaelekeza mfumo kwenye ghala la ngazi yake halisi na kusakinisha upya zile programu. Ikawaka! Sitakudanganya: kuandika barua au kufungua picha, sijaona tofauti ya maana. Lakini ile ya kuandika maneno, Kaka, inamfuata mzungumzaji karibu mguu kwa mguu. Bado inakosea, mimi huwa nasema "Baba", yenyewe inaandika "bata".

Kumrudisha Baba mezani ndiko kulikuwa kazi. Nilimbembeleza siku kadhaa, akawa anakuja, anakula, macho kwenye skrini, mdomo ameufunga. Aliogopa. Nami sikumlaumu.

Jana mchana Mama alikuwa ananisimulia habari za posa yao. "Baba yako huyu," akasema, "alipofika mlangoni kwetu alipiga magoti mbele ya watu wote, akaanza kuniomba..."

"Muongo!" Baba akadakia, akagonga meza. "Sikupiga magoti. Niliteleza!"

Mama akakishusha kijiko. Tangu lini Baba amemkatiza mtu maneno? Kisha akamgeukia, wala hakuiangalia ile mashine. "Uliteleza," akamwambia polepole, "mbona hukuinuka?"

Baba akasoma. Akacheka pamoja nasi, Kaka. Pamoja nasi.

Nisalimie sana Wifi, na watoto waambie shangazi yao anawadai picha. Mama na Baba wanakusalimu. Baba anasema upige simu yenye video, umwone anavyobishana. Mola akulinde uendako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Kitinda.