Baba aling'oa mlango wa chumba chake nitengeneze gitaa

Mama Klara mpendwa, pole na kazi ya kutusikiliza sote. Naomba na mimi unisaidie, ila ukiisoma barua hii redioni nakusihi usitaje jina langu, maana pale karakana redio inawashwa tukifika na kuzimwa tukifunga, na Papa Mushagalusa hakosi kipindi chako hata akiwa na gundi mikono yote miwili.

Mimi ni msichana, nimemaliza shule juzijuzi, naishi Gitega mtaa wa Musinzira kwa shangazi yangu, na wazazi wangu wako Muyinga. Tulirudi kutoka Tanzania nikiwa bado mdogo. Niseme mapema kwamba sina huzuni, nakula vizuri, nalala vizuri, kazi yangu naipenda, na shida yangu ni ya ajabu kidogo kwa sababu ni shida ya kupewa kitu kizuri. Kuongea ndiko kunanishinda. Hata shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa najua jibu na bado nanyamaza mpaka anamwuliza mwingine, kwa hiyo naandika, kwa kuwa karatasi hainitazami usoni.

Kazi yenyewe ni kutengeneza magitaa ya umeme kwa mkono. Fundi wangu, huyo Papa Mushagalusa, ni Mkongomani wa Kivu Kusini, na wateja wake wengi ni kwaya za kanisani na vijana wanaopiga kwenye harusi. Kila gitaa analichonga kwa kumfuata mwenyewe atakayelipiga, anampima mkono, anamwuliza kama anapiga amesimama au ameketi, na hata zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi anazifunga waya wa shaba yeye mwenyewe. Lakini anachokipenda kuliko vyote ni mbao zenye mawimbi, zile ambazo ukizipiga randa unaona kama maji yanayotikisika ndani ya mti. Ubao wa namna hiyo tunaupasua katikati ya unene wake, tunazifungua nusu mbili kama kurasa za kitabu, na mawimbi yanatazamana. Hapo ndipo uso wa gitaa unapotoka. Hatuupaki rangi, tunaupaka vanishi tu. Mara ya kwanza kuona kazi hiyo nilikuwa nimetumwa chumvi na shangazi, nikasimama mlangoni pa karakana mpaka Papa Mushagalusa akasema, "Bon, uingie ama uende, unanizibia mwanga." Nikaingia, na chumvi ilifika kesho yake.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Sikukuu ya Pasaka nilikwenda Muyinga kuwasalimia wazazi. Nyumbani kwetu chumba cha baba na mama kilikuwa na mlango wa mninga ambao baba aliuunda kwa mikono yake tulipokuwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Siku ya kurudi Burundi tuliambiwa tupunguze mizigo, baba akaacha kitanda akabeba mlango, na mama mpaka leo anamtania kwamba walilala chini mwaka mzima lakini walilala chini wamefunga mlango. Basi Pasaka hiyo nilikuwa nafagia, nikapitisha kitambaa chenye maji kwenye ule mlango, na chini ya moshi wa miaka yote hiyo nikaona mawimbi, Mama Klara, mawimbi ambayo hata Papa Mushagalusa hajawahi kuyapata. Nikasahau aibu yangu. Nikamwita baba, nikamwonyesha, nikamweleza jinsi tunavyopasua na kufungua, na kwamba mbao yenye mafundo haifai kwa kazi hii lakini hii yake ni safi, na kwamba mtu akipata mbao kama hii anaweza kutengeneza gitaa lake la kwanza. Nilikuwa nasimulia tu. Baba akasema "Ahaa," akaenda kulisha mbuzi.

Baada ya majuma machache, nikiwa karakana napiga msasa, lori la maharage likasimama nje na baba akashuka, na juu ya magunia umefungwa mlango. Hakuwa ametuambia kwamba anakuja. Papa Mushagalusa akatoka kumpokea.

"Karibu mzee. Ile uko nayo ni mbao ama ni mlango?"

"Ilikuwa mlango," baba akasema. "Nimemletea mtoto."

Akauegemeza ukutani, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati, akanywa Fanta moja, akaniambia "Fanya kazi vizuri, Upendo," akarudi na lori lile lile. Hata ahsante sikusema, nilishika msasa tu kama mtu aliyepigwa na radi.

Jioni nikampigia mama. Nikamwuliza, sasa nyinyi mnalala vipi? Mama akacheka. "Tumetundika kitenge. Hewa inapita vizuri. Ila baba yako akikoroma sasa, jirani wa tatu anajua amelalia upande gani."

Tangu siku hiyo mlango umesimama pale karakana na mimi sijaugusa. Nikishika msumeno naona kile kitenge. Naona baba amebeba ule mlango begani kwenye foleni ya malori, na mimi nimemshika suruali nyuma. Nawezaje kuutia msumeno? Na tena nawezaje kuurudisha, maana nikiurudisha si nitakuwa nimemtupia zawadi yake machoni pa watu? Na Mama Klara, nisikudanganye, nautaka. Nautaka sana. Nimeshachora kwa chaki kichwani mwangu mahali shingo itakapokaa.

Papa Mushagalusa akiuliza namwambia bado unakauka. Juzi akashindwa kuvumilia. "We mtoto, hii mbao iko inakauka tangu haujazaliwa! Iko inangoja nini tena, ubatizo?" Wote waliokuwepo wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nikatoka nje nikajifanya natupa maranda.

Kila Jumapili baba ananipigia baada ya misa, na yeye si mtu wa maneno. Anauliza, "Mbao imekubali?" Nasema, "Bado, Baba." Anasema, "Haya," anampa mama simu. Jumapili iliyopita nilipomwambia bado, akasema, "Kama ina mafundo, si lazima, mwanangu." Nikajua moja kwa moja kwamba anautaka mlango wake na anaona haya kuuomba. Tangu hapo sina raha nikiuona. Nifanye nini? Nipasue, au nitafute lori niurudishe kimya kimya mama akiwa shambani? Naomba unijibu upesi, kabla Papa Mushagalusa hajaupasua mwenyewe kwa hasira.

Ni mimi, msichana wa Musinzira.


MAMA KLARA ANAJIBU

Msichana wa Musinzira, umeomba jina lako lisitajwe, kisha umemwacha baba yako alitaje ndani ya barua, na fundi wako umemtaja wewe mwenyewe mara nisizoweza kuhesabu. Unadhani Gitega ina mafundi wangapi wa magitaa? Sitakusoma redioni. Nakujibu kwa barua, wewe peke yako, na umshukuru huyo anayefungua bahasha zangu kwa kunitahadharisha.

Nimecheka kwa ajili ya chumvi na nimecheka kwa ajili ya jirani wa tatu. Una nyumba yenye upendo, binti, na ni vyema umeanza kwa kusema huna huzuni, kwa hiyo sitakubembeleza. Nakwenda kwenye kosa lako, na kosa lako si msumeno.

Soma tena alichokuambia baba yako. "Kama ina mafundo, si lazima." Wewe umesikia mtu anayedai mlango wake. Mimi nimesikia mtu anayeomba radhi kwa sababu ya mbao yake. Ulimfundisha wewe mwenyewe, siku ya Pasaka, kwamba mbao yenye mafundo haifai. Akaung'oa mlango alioubeba begani kuvuka mpaka, akausafirisha juu ya maharage, na tangu siku hiyo anauliza kama mbao imekubali na mwanawe msomi anamjibu bado. Ulitaka afikirie nini? Anafikiri ameleta kitu kibovu. Anafikiri wewe na fundi wako mmekitazama, mkaona hakifai, na unamficha kwa heshima. Kila Jumapili, mwanangu, unamwambia hivyo. Ungemtukana ingekuwa afadhali, angalau angejua pa kujibu.

Unasema wewe ni mtu wa aibu. Najua aibu, hata mimi niliolewa bila kumtazama mume wangu usoni mpaka tulipogombana. Lakini siku ya Pasaka ulimwita baba yako ukamweleza habari za mbao mpaka akaelewa. Kwa hiyo mdomo unao. Unafunguka ukipenda kitu. Basi kipende hiki pia.

Na hilo la kuurudisha kimya kimya mama akiwa shambani, sijawahi kusoma wazo baya lililoandikwa kwa adabu kiasi hicho. Baba yako aamke, akute zawadi yake imerudi imesimama ukutani kama mkwe aliyekataliwa? Hata usilirudie.

Pasua. Ulipewa mbao, na aliyekupa alishasema mwenyewe mbele ya fundi wako kwamba ilikuwa mlango. Yeye alishaagana nao, wewe ndiye unayeendelea kuulilia kwa niaba yake. Ukimwuliza sasa kama ana hakika, utamlazimisha kutoa mara mbili kitu ambacho kutoa mara moja kulimgharimu. Usimwulize. Pasua wiki hii, wewe mwenyewe, Papa Mushagalusa akishika upande wa pili. Na mwambie ukweli kwamba haikuwa habari ya kukauka. Fundi anayekuona unaogopa mbao atakupa ufagio, na atakuwa na haki.

Lakini kuna jambo moja umeliona sawasawa, nalo ni kile kitenge. Mama yako anacheka kwa sababu ni mama yako. Wazee wawili hawawezi kulala nyuma ya kitambaa majira yote ya mvua ili mtoto apate uso wa gitaa. Ninachoshangaa ni kwamba wewe unashinda kutwa katikati ya randa, patasi na gundi, na haikukujia hata mara moja kuwaundia mlango mwingine. Mtu anayeweza kunyoosha shingo ya gitaa mpaka nyuzi zisigongane atashindwa na bawaba mbili? Mti wa mgrevilea umejaa kila kilima nchi hii. Mwombe fundi wako mbao, muda wa jioni, na ushauri. Hautakuwa mninga, wala hauna haja ya kuwa mninga. Uwe mlango uliounda wewe, unaofunga.

Ukimaliza, panda nao gari uende Muyinga. Usiutume na mtu. Na katika mfuko wako uwe na zile nusu mbili za mninga, hata kama gitaa halijaisha. Ukifika, usianze na salamu ndefu. Zifungue mbele ya baba yako kama unavyozifungua pale karakana, zipitishie maji, umwache atazame. Halafu sema: "Baba, haina fundo hata moja. Ahsante." Ni maneno machache mno hata kwako. Yeye atasema "Ahaa" na pengine ataenda kwa mbuzi. Usimfuate. Mwache akae na mbuzi wake mpaka macho yakauke.

Kisha muutie mlango pamoja. Mwachie yeye nyundo.

Na leo hii, kabla hujakata hata ubao mmoja wa mgrevilea, mpigie mama yako apime ule mwanya, juu, katikati na chini, na pande zote mbili, kwa futi na si kwa shubiri, maana nyumba zetu za matofali ya udongo hazijui pembe. Ukikosea hapo, baba yako ataazima randa kwa jirani na kuurekebisha mlango wako mbele ya mtaa mzima, akikueleza kila hatua, na sijui ni nani atakayemtoa kwenye furaha hiyo.

Mama Klara