Ng'ombe Amefika Kabla ya Kura

Mabanga, Bungoma
20 Julai 2022

Dada yangu Jentrix,

Huu ni mwaka wa thelathini tangu nyumba yangu ya Kitale ichomwe kwa sababu ya uchaguzi. Huku mvua ipo, na maharagwe yametoa maua. Ng'ombe uliyemtuma alifika jana kwa pikapu, amechoka lakini mzima. Jirani yangu Hamdun alimwona akacheka: "Mzee, si kura imekaribia? Ng'ombe za Kitale zimeanza kuhama!"

Mimi sikucheka. Juzi uliniambia kwenye simu, "Rudi tu, kaka, shamba la baba liko, na siku hizi ni amani bana." Amani gani hiyo, Jentrix, inayomhamisha ng'ombe wa maziwa kila miaka mitano? Wanaoomba kura watakunywa chai pamoja baada ya matokeo, na wewe unalala na viatu miguuni. Umemficha ng'ombe, ukabaki wewe!

Nitamtunza, na akizaa, ndama ni wako. Lakini ungepanda pikapu hiyo hiyo. Kitanda kipo, njoo.

Mimi Kitale sirudi.

Kaka yako,
Wekoye