Azimio la Mwaka wa Arobaini na Tano

Ijumaa, 1 Agosti 1947
Masajini wawili wa Kiingereza wamenyongwa Palestina. Walionyonga ni Wayahudi wenzetu. Gazeti limetoa picha ukurasa wa mbele, miili inaning'inia mtini. Nililigeuza gazeti kifudifudi. Vijana kama kaka yangu Sidney, aliyezikwa Normandi na sare hiyohiyo ya Mfalme. Walaaniwe waliofanya hivyo.
Karakanani, Doris, mwaka wa nane tunashona makoti ya mvua meza moja, alichukua mkate wake akaenda kula kwingine. Nikamuuliza, kulikoni? "Waulize watu wenu."
Watu wangu! Nimezaliwa hapahapa Manchester.
Mama amewasha mishumaa ya Sabato mapazia yamefungwa. Mara ya kwanza.

Jumapili, 3 Agosti
Mawe. Barabara nzima ya Cheetham Hill, duka baada ya duka. Bucha la Pinkus halina kioo hata kimoja. Mmoja wa warusha mawe namjua — mkewe alipojifungua nilimpelekea supu.
Asubuhi alikuja Bwana Ogden, diwani wetu, na ufagio wake mwenyewe. Si Myahudi, hakulazimishwa na mtu. Alifagia vioo mpaka shati likalowa. Nilitaka kulia kwa shukrani. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Tawi letu la Chama kinachotawala linataka nitie sahihi: nilaani mauaji "kwa niaba ya Wayahudi wa mtaa huu", na niseme hatudai tena nchi kule Palestina. Eti itawatuliza watu.
Mauaji nayalaani bila kuombwa. Lakini kwa niaba? Doris ameambiwa alaani mawe kwa niaba ya Waingereza wote?
Karatasi nikamrudishia bila sahihi.

Jumatatu, 4 Agosti
Sikukuu, karakana imefungwa. Mawe tena. Mama amekaa kwenye ngazi kutwa, mbali na madirisha. Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira.

Jumanne, 5 Agosti
Mkutano wa tawi. Mimi ndiye katibu, daftari la kumbukumbu za mikutano ninalo mimi. Nikafungua Mei 1945, nikasoma kwa sauti. Azimio limeletwa na Ndugu Arthur Ogden: milango ya Palestina ifunguliwe, Wayahudi wapate nchi yao. Limepita bila kupingwa. Siku ile alisimama juu ya kiti, akalia mbele za watu kwa habari za kambi zile walimouawa Wayahudi.
Leo alikuwa mwekundu hadi masikio. "Freda, mambo yamebadilika. Sasa sisi ndio serikali. Halafu Waarabu wanaoishi kule, nani aliwauliza?"
Swali la haki, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia: mbona hukuliuliza ulipotutuma tugonge milango kukutafutia kura?
Mzee Tattersall akanung'unika kwamba sisi Wayahudi hatutosheki hata tupewe nini. Hakuna aliyemkemea. Hakuna!
Wakapiga kura: nitie sahihi kabla ya Ijumaa au niache ukatibu. Kumi na mmoja kwa watatu. Ogden alinyoosha mkono wa mwisho kabisa — lakini alinyoosha. Na mimi ndiye niliyeandika hesabu ile daftarini, kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi, 7 Agosti
Ogden yuko jikoni. Amekuja na karatasi mpya. "Kwa niaba" ameifuta, maneno ya kuikana nchi ameyabakiza. "Nisaidie, Freda," anasema, "hata mimi nasukumwa na Chama."
Nikachukua kalamu na karatasi tupu, nikaandika mbele yake kwamba waliowaua masajini ni wauaji. Nikatia sahihi. Freda Lasker, mtu mmoja. Kisha nikamfungulia daftari, Mei 1945, nikampa kalamu. Nikasema, sasa zamu yako. Tia sahihi tena chini ya maneno yako, au yakate kwa mkono wako mwenyewe na uweke tarehe ya leo. Mimi sitakukatia.
Nimepanda juu nimwache nayo. Naandika kwa penseli. Robo saa sasa. Mama yuko naye, anachemsha chai. Nasikia kurasa — anakwenda mbele, anarudi nyuma.
Kiti kimeburutwa. Anamuuliza Mama kama nyumba hii ina mlango wa nyuma. Hivyo hatatia sahihi, wala hatakata.