Malkia Aliyewateka

Kililana, 4 Mei 2025

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Bi Thuwaiba,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakufikia ukiwa buheri wa afya, na kwamba lile goti la kushoto limepata nafuu tangu tulipoonana Idi. Mimi ni mzima, alhamdulillahi.

Madhumuni ya waraka huu ni kukuarifu, kwa fahari isiyo na majivuno, kwamba nimeajiriwa kuwa mwandishi msaidizi wa hotuba katika Bustani ya Enzi, mahali pa burudani panapojengwa hapa Kililana. Ndani yake kutakuwa na ukumbi wa viongozi watano wa zamani wa visiwa vyetu. Si picha wala michoro, Shangazi: ni sanamu za mitambo zenye kimo cha mtu, ambazo zitainua mikono, zitageuza shingo na kusema na wageni. Nimewekwa katika majaribio ya miezi sita. Baada ya hapo meneja wetu, Bwana Hussam, ataamua kama nastahili kuthibitishwa, au nirudi Nairobi kuzunguka na bahasha ya vyeti kama wenzangu wote niliohitimu nao.

Viongozi wanne wamepatikana vitabuni. Wa tano nimempendekeza mimi: Mwana Zaina, malkia wa mji wetu. Ulinisimulia habari zake kabla Baba hajatuhamishia Nairobi, lakini nilikuwa na miaka mitano, na kilichobaki kwangu ni jina tu. Nafahamu kwamba yapo maneno yake ambayo wanawake wa ukoo wetu wameyahifadhi. Naomba uniandikie neno kwa neno. Ningepiga simu, ila mtandao wa Mbwajumali unaujua, na jambo hili halistahili kukatikakatika. Nahodha Shuaib amekubali kubeba barua zetu katika boti yake.

Wako mtiifu,
Mwanao, Nabhan


Mbwajumali, 13 Mei 2025

Mwanangu Nabhan,

Waalaykumu salaam. Shuaib aliniletea barua mpaka mlangoni. Nilipoona "madhumuni ya waraka huu" nikadhani imetoka kwa chifu, nikawa najiuliza nimekosa nini. Nikamwita Fahima wa nyumba ya pili anishike mkono. Kumbe ni wewe! Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Wewe unakula? Nani anakupikia huko?

Habari ya sanamu imenitia mashaka, sikufichi. Nimefundisha watoto chuoni miaka thelathini kwamba roho hutiwa na Mola peke yake, na wewe waniambia mtu wa waya atageuza shingo anitazame. Lakini maneno si sanamu. Maneno ya Mwana Zaina nalipewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake, na mimi sikujaaliwa mtoto wa kumpa. Usingeyaulizia wewe, ningekwenda nayo kaburini. Basi yachukue:

"Waliniyia na panga, naliwateka, hata mmoya hakufa."

Ndiyo yote. Yaandike vivyo hivyo, usiyavishe suti.

Shangazi yako, Thuwaiba


Kililana, 22 Juni 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Naomba radhi kwa ukimya. Kazi imenizonga, ila ni kazi yenye heri. Chakula napikiwa na mama mmoja wa hapa, na wali wake haukaribii wako.

Nina furaha kukuarifu kwamba maneno ya Mwana Zaina yamepokewa kwa heshima kubwa. Kwa kuwa wageni wetu watatoka pande zote za nchi, niliyasanifisha kidogo: "Walinijia na panga, nikawateka, hata mmoja hakufa." Bwana Hussam aliyasoma mara tatu, kisha akapiga meza. "Kijana, huyu ndiye! Mwanamke mmoja, jeshi zima!" Ameamuru Mwana Zaina awe kilele cha ukumbi, na bango limekwisha kupakwa rangi barabarani: Malkia Mtekaji.

Fundi wetu wa mitambo, Keziah, dada mwenye mikono ya ajabu, amemtengenezea mkono wa kuume unaoinua upanga. Mbele yake wamepiga magoti mateka sita, mikono imefungwa kamba nyuma, na kila malkia anaposema "nikawateka" vichwa vyao huinama kwa pamoja. Nimesisitiza uso wake ufunikwe kwa ukaya hadi chini ya macho, usije ukasema nimesahau ulichonifunza.

Natamani ungekuwapo kuona jinsi wakubwa walivyonitazama.

Mwanao, Nabhan


Mbwajumali, 27 Juni 2025

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Barua yako niliisoma kwa sauti, Fahima akisikiliza. Tulipofika kwa wale sita akauliza, "Mateka wa nani?" Na mimi nikauliza, "Mateka wa nani?" Tukatazamana. Kisha nikafahamu, nikakaa tini.

Nabhan, kwetu kuteka si kukamata mtu. Kwetu mtu akifurahi huteka. Mtoto akitekenywa huteka. Ni lile mnaloliita huko kucheka. Umegeuza kila herufi: waliniyia ukaifanya walinijia, mmoya ukamfanya mmoja, na neno moya lililotaka kugeuzwa ukaliacha kwa kuwa ulidhani unalijua.

Mwana Zaina hakushika upanga maisha yake. Vijana wa mji wa pili walikuja kuutwaa mji wetu, na walikuja maji yamekupwa. Mkubwa wao alikuwa na joho jipya mabegani. Akaruka kutoka chomboni kwa ukelele wa vita, akazama katika tope la mikoko mpaka kiunoni, na upanga ukaenda zake. Mwana Zaina alikuwa darini, juu ya paa la nyumba yake. Akateka. Wanawake wa madari yote wakateka. Mtu aliyetekwa vile hawezi tena kusema "nipeni mji". Wakamvuta kwa kamba, wakampa maji akaoga, wakampa wali akala.

Mwaka wa pili kijana yule alirudi bila upanga, akamposa Mwana Zaina. Bibi wa bibi yangu ametoka katika tumbo lile. Wale uliowafunga kamba, mwanangu, ni wazee wako.

Rekebisha. Bado mapema.

Shangazi yako, Thuwaiba


Kililana, 19 Julai 2025

Shangazi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima.

Nimeyapokea maelezo yako na kuyatafakari kwa kina. Hata hivyo, naomba uzingatie hali halisi. Sanamu zimekamilika. Bango liko barabarani. Bwana Hussam amekwisha kuwatangazia wageni rasmi. Mimi niliajiriwa kwa sababu ni mtu wa kisiwa chetu cha Pate. Nikisimama leo kusema kwamba sikulifahamu neno la nyumbani kwetu, nitabaki na nini? Aidha, wageni hawatajua. Neno lenyewe linabeba maana zote mbili, na sanaa ina uhuru wake.

Nakuomba, pamoja na Bi Fahima, mlihifadhi jambo hili baina yetu hadi nitakapothibitishwa.

Mwanao, Nabhan


Mbwajumali, 23 Julai 2025

Nabhan,

Waalaykumu salaam. Mimi mzima.

Sitamwambia mtu, na Fahima hatasema. Lakini usinitake niseme kwamba sikuumia. Nimebeba neno moya umri wangu wote, nikakupa wewe. Sasa naona afadhali ningekwenda nalo.

Thuwaiba


Kililana, 30 Agosti 2025

Kwa Shangazi yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Siulizi habari za goti kwa kutimiza ada. Nauliza kwa sababu wiki tano zimepita nami sijui.

Ulitia saini "Thuwaiba" peke yake. Niliitazama ile nafasi iliyotangulia jina lako kila siku kabla ya kwenda kazini.

Jumatatu niliingia kwa Bwana Hussam. Nilikuwa nimeandaa taarifa ya kurasa mbili, yenye utangulizi na hitimisho. Nikaiacha mfukoni. Nikasema, "Bwana, nimekosea neno. Mwana Zaina alicheka."

"Alicheka nini?"

"Aliwacheka waliomvamia. Hakumkamata mtu."

"Na hawa mateka sita?"

"Hawapo, Bwana. Hawakuwapo kamwe."

"Kwani wewe ni mtu wa wapi?"

Alinena mengine ambayo sitayaandika. Keziah alikuwa chini ya meza akitengeneza waya, akachomoza kichwa na kusema, "Bosi, malkia wa upanga wako tele. Anayecheka ndio namsikia leo." Bwana Hussam akatoka kwenda kulitazama bango.

Shangazi, kamba zimekatwa. Watano wametolewa, mmoja amebaki, anachimbiwa shimo la tope la kutengeneza apate kuzama humo. Upanga wa malkia umeondolewa. Ama mimi, nimeambiwa hivi: siku ya majaribio ya ukumbi mbele ya wageni, tarehe 20 Septemba, watu wakicheka pamoja na malkia, nitabaki, wasipocheka, nitaondoka.

Sasa kilichotushinda ni kicheko chenyewe. Mwigizaji wa Nairobi ametuletea vicheko kumi na viwili, na vyote vinafanana na tangazo la sabuni. Je, ungeridhia kuja siku hiyo na kutuchekea mbele ya kinasa sauti? Nauliza nikijua sina haki ya kuuliza.

Nabhan


Mbwajumali, 6 Septemba 2025

Mwanangu Nabhan,

Waalaykumu salaam. Goti limevimba kidogo, Fahima analikanda kwa mafuta ya simsim na maneno mengi.

Kicheko hakiagizwi kama samaki. Waniambia niketi mbele ya chombo, mtu anihesabie moya mbili tatu, niteke? Sitaki. Na sauti yangu sijapata kuitoa mbele ya wanaume wasionijua, sitaanza leo na kitwa cheupe.

Lakini nitakuja kutazama. Umemwambia mkubwa wako neno gumu na karatasi ukaiacha mfukoni. Hilo ninataka kuliona kwa mato yangu, kijana aliyeacha karatasi mfukoni.

Usiniandalie hotuba.

Shangazi yako, Thuwaiba


Kililana, 22 Septemba 2025

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumai mlifika salama, na kwamba bahari haikumsumbua Bi Fahima.

Ulinikataza hotuba nami nikaandaa moja, yaliyonipata nimeyastahili. Hata hivyo napenda kuyaweka katika maandishi, kwa sababu yana jambo la kukuuliza. Ulikuwapo wakati Keziah aliponiomba nivae joho la yule mkubwa wa vijana na nisimame kwenye ubao juu ya shimo, apate kupima mwanga kabla sanamu haijasimikwa. Nikaona hiyo ni fursa ya kuwahutubia wageni. Nilikuwa nimefika "Waheshimiwa mabibi na mabwana, katika kumbukumbu zisizofutika za", ndipo ubao ulipoachia. Tope lilinifika kiunoni. Karatasi zilibaki zikielea.

Kinasa sauti cha Keziah kilikuwa wazi, kwa kuwa alikuwa akijaribu vipaza sauti. Kicheko chako kimo chote, tangu kile kikohozi cha mwanzo ulipojaribu kujizuia, na cha Bi Fahima kinachopanda juu yake. Wageni waliwafuata kwa kucheka. Bwana Hussam alishika nguzo. Jioni Keziah aliipitisha sauti ile katika sanamu ya Mwana Zaina mara moja, kwa kupima tu, akayatikisa mabega yake kidogo, na macho juu ya ukaya yakafumba. Nilisimama, Shangazi.

Bwana Hussam anaitaka sauti hiyo leo, kwani wageni walicheka nanyi, si na malkia. Nimemjibu kwamba ulikataa kurekodiwa, kwamba haikuchukuliwa kwa ridhaa yako, na kwamba haitatumika mpaka uandike kwa mkono wako. Ameniambia nina kiburi kingi kwa mtu asiyethibitishwa, na kwamba bila sauti hiyo hana malkia, na bila malkia hana haja nami. Nakusihi hilo lisikulemee. Ukisema ifutwe, itafutwa mbele yangu, na nitakuja kukusalimu nikiwa na nafasi ya kutosha.

Mwanao, Nabhan


Mbwajumali, 27 Septemba 2025

Mwanangu,

Waalaykumu salaam. Tulifika salama. Mbavu bado zaniuma, na Fahima akikumbuka zile karatasi hushika ukuta.

Nimefikiri siku tatu. Barua yako ni nzuri, lakini umeruka kitu. Umeandika ulivyozama, umeandika tulivyoteka. Hukuandika kwamba uliinua uso, una tope mpaka kwenye nyusi, ukanitazama, na wewe ukateka. Sijakusikia ukiteka vile tangu una miaka mitano. Ndiyo sababu sikuweza kunyamaza.

Sasa sikiliza, maana hili haliandikwi pamoja na yale maneno, hutolewa baadaye, kwa anayelistahili. Yule kijana wa joho naye aliteka. Alikuwa topeni, mji mzima ukimteka, wenzake wameshika panga wakingoja aseme lipi, akainua uso akamwona Mwana Zaina darini, naye akateka. Kama angekasirika, wangekufa watu siku ile. Mwana Zaina alianza, lakini aliyeokoa mji ni yule aliyekuwa ndani ya tope.

Basi ridhaa yangu hii hapa, kwa mkono wangu, umwonyeshe Bwana Hussam. Tumieni sauti. Jina langu lisiandikwe, wala la Fahima. Yeye ataka lake liandikwe kubwa, usimsikilize. Na sauti yetu isiwekwe peke yake. Aanze Mwana Zaina darini, kisha yako itoke topeni, zikutane. Mwambie Keziah aitafute, imo, niliisikia.

Ukiikata yako, futa na yetu.

Shangazi yako, Thuwaiba