Kioo Nilichosahau Kushusha

Fundi mwenzangu, uko wapi? Nimechoka, hata kujicheka siwezi.

Unakumbuka ile alamu ya gari niliyomfungia baba mkwe wiki iliyopita? Kumbe nilikosea nyaya za loki za milango. Wa kufunga niliuunga pamoja na wa kufungua.

Mzee akibonyeza rimoti afunge, king'ora kinalia "pi", taa zinamkonyeza, na milango yote inafunguka. Wiki nzima. Ameiacha gari hivyo sokoni, hospitalini, kila mahali, anaondoka zake kifua mbele.

Leo nimegundua mwenyewe. Nikasema nirekebishe kimyakimya kabla hajajua. Nikahamisha waya, nikawasha gari nijaribu, nikashuka, nikafunga mlango.

Nusu dakika baadaye, alamu ikaifunga gari yenyewe, kama ilivyopangwa.

Rimoti zote mbili ziko kwenye kiti. Injini inanguruma. Na vioo viko juu. Vyote. Mimi, ninayemhubiria kila mtu ashushe kioo kimoja kabla ya kujaribu loki.

Ikabidi nimweleze mzee yote. Akauliza, "Kwa hiyo wiki nzima ilikuwa wazi, na hakuna aliyeigusa?"

Nikasema ndiyo, baba.

"Na sasa umeitengeneza."

Ndiyo, baba.

"Ndiyo maana hata mimi mwenyewe siwezi kuingia."

Nisaidie, njoo na ule waya wako wa kufungulia milango. Upesi, mafuta yanaisha.

Mama mkwe ameshanitolea kiti. Anasema nikae tu nipumzike, leo gari iko salama.