Maneno Niliyoyameza Ukumbini

Kaloleni, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeketi, goti limepoa, na ile fimbo unayoikataa iko karibu nawe. Sisi huku hatujambo. Wajukuu zako wanakula na kukua, cherehani inazunguka, sare za shule ninazoshona hazijapungua. Mama je, presha yake imeshuka? Mwambie asimeze dawa zile siku anazoumwa kichwa tu, ameze kila siku. Na mvua vipi? Huku imenyesha siku mbili ikatuacha na tope, lakini kaka Mwakio anasema Wundanyi bado mnatazama mawingu.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila mara umepokea ukiita, "Haloo, mkalimani!" Nikakuuliza habari za goti, nikakata. Jina hilo linanichoma, Baba, na kwa simu nisingeweza kukueleza kwa nini.

Mwakio ameniambia kwamba ile picha niliyowatumia umeichapisha ukaitundika sebuleni, kando ya cheti chako cha kustaafu. Kila mgeni akiingia unamwonyesha. "Huyu ni Wakesho wangu, anawatafsiria wajumbe wa Israeli na Palestina." Nimeona haya mpaka nikashindwa kushika sindano. Nikwambie ilivyokuwa, kisha uamue mwenyewe kuhusu hiyo picha.

Uliona maisha yetu ulipokuja kwenye mazishi ya mume wangu. Uliona lile hema, zile sufuria tatu kubwa, na wanawake waliopika siku nne bila kuulizana nani ni wa kanisa na nani ni wa msikiti. Hicho ndicho chama chetu cha kuzikana. Mwenyekiti ni Mama Njoki, yule wa sauti kubwa aliyekulazimisha kula mara mbili. Hema hukaa kwa Mama Zaituni, yule muuguzi mstaafu wa nyumba inayotazamana na yangu, aliyelala na mimi kwenye mkeka wiki nzima. Sufuria hukaa kwangu. Mimi ndiye katibu.

Tangu vita vya Gaza vianze, mtaa huu umebadilika. Kanisa letu lilipeperusha bendera ya Israeli langoni, na vijana wa msikitini wakachora ya Palestina ukutani, hatua chache kutoka hapo. Watu waliokuwa wakitaniana bombani kwenye foleni ya maji wakaanza kujaza ndoo na kuondoka kimya. Wengi wetu, Baba, hatuwezi hata kuonyesha nchi hizo kwenye ramani. Lakini hasira tulikuwa nayo, tena ya kutosha.

Mchungaji na imamu, Mungu awabariki, walikaa chini wakakubaliana kualika wageni wawili waliokuwa Nairobi kwa mkutano wa hotelini. Bwana Gideoni ni Mwisraeli, mzee wa rika lako. Zamani, serikali yake ilipokaa mezani na Wapalestina kutafuta namna ya kuwa na dola mbili jirani, kila moja na mpaka wake, yeye ndiye aliyebeba ramani. Bi Ruwaida ni Mpalestina, naye upande wa pili wa meza ile ile alikuwa mwandishi wa kumbukumbu. Walijuana wakati wa chai, kwenye birika moja. Sasa wamezeeka, na wanazunguka pamoja wakieleza kwa nini mazungumzo yale yalikwama na kwa nini wao bado hawajayakatia tamaa. Walizungumza Kiingereza. Mkalimani akatafutwa, na mkono wangu ukawa wa kwanza hewani.

Unajua mimi hutafsiri kanisani wahubiri wakija. Nilichokuwa sijakueleza ni namna ninavyofanya. Huku mkalimani aliyepoa hafai. Mhubiri akisema "haleluya" moja, mimi natoa tatu. Akisahau mstari, namkumbushia. Akisema neno litakaloudhi wazee, nalizungusha. Watu hunisifu kwamba natafsiri vizuri kuliko mhubiri anavyohubiri, nami nimevaa hicho kilemba cha ukoka miaka sita sasa bila kukivua. Tena nilitoka kwako! Wewe uliyesimama mahakamani ukitafsiri miaka thelathini, yule mshtakiwa akamwita hakimu mbuzi, nawe ukageuka ukasema, "Mheshimiwa, anasema wewe ni mbuzi." Tulicheka hadithi hiyo mezani mpaka Mama akamwaga chai. Nilidhani ni ya kuchekesha tu.

Ukumbi wa Kaloleni ulijaa. Mbele walikaa wazee wa kanisa, wengine na vibendera mkononi, na waliposikia mgeni anaitwa Gideoni walifurahi kana kwamba ametoka kwenye Agano la Kale moja kwa moja. Nyuma, karibu na mlango, walisimama vijana wenye vile vitambaa vyeusi kwa vyeupe vya Kipalestina shingoni. Mimi katikati na kipaza sauti.

Bwana Gideoni alianza na hofu ya watu wake. Alisema wametafuta pa kulala kwa amani kwa vizazi vingi na wana haki ya kupata mahali hapo. Nikatafsiri lote, na chumvi kidogo. Wazee wakaitikia. Kisha akasema, namnukuu kama alivyosema: "Na Wapalestina wana haki hiyo hiyo, kwenye dola yao wenyewe. Kila nyumba tunayojenga juu ya ardhi yao tunabomoa amani yetu kwa mikono yetu."

Niliwatazama wazee wa mbele. Nilimwona mzee aliyenisimamia kwenye ndoa yangu. Nikasema, "Bwana Gideoni anaomba tuwaombee watu wote wa Nchi Takatifu wapate amani." Wakasema amina. Ilikuwa rahisi hivyo.

Akaja Bi Ruwaida. Amepoteza jamaa Gaza, na aliwataja kwa majina. Hapo nilitafsiri kila neno, nikalia kweli. Kisha akasema: "Lakini Waisraeli waliouawa na waliotekwa siku ile vita vilipoanza walikuwa na mama zao pia. Lilikuwa kosa. Sitaki kuiondoa Israeli. Nataka dola yangu kando yake, si mahali pake."

Vijana wa mlangoni walikuwa wamenikazia macho. Baba, hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyesema neno. Nilitaka tu ukumbi mzima unipende, mbele na nyuma. Nikasema, "Bi Ruwaida anasema anataka dola yake, na anataka mateso yaishe." Wakapiga makofi mpaka vumbi likashuka darini.

Linalonikosesha usingizi ni hili. Katikati ya hayo yote, Bwana Gideoni alieleza kilichoharibu kazi yao. Alisema mezani walisogeleana sana, lakini kila upande uliporudi nyumbani uliwaeleza watu wake nusu, ile nusu tamu. Waliosikia nusu wakashangaa kwa nini wenzao wanadai nyingine. Sentensi hiyo niliitafsiri sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza. Nikaitafsiri kwa sauti nzuri kabisa, huku nikifanya hilo hilo.

Mwishoni wote walisimama. Picha hiyo uliyotundika ilipigwa hapo: mimi nacheka, wageni wawili pembeni, ukumbi unapiga makofi. Ukiitazama vizuri, kwenye benchi la tatu kuna mwanamke mmoja ameketi na mikono iko mapajani. Huyo ni Mama Zaituni. Alifanya kazi hospitalini na madaktari wa kigeni miaka mingi, na Kiingereza anakijua kuliko mimi.

Kesho yake asubuhi alinikuta bombani. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Wakesho, mwanangu, yule mama alisema zaidi ya ulivyosema."

Nikajifanya nafunga bomba.

"Na yule mzee pia," akaendelea. "Walitoka mbali kila mmoja kusema neno moja gumu mbele ya watu wake. Neno hilo umelipeleka wapi?"

"Niliogopa watu watagombana, Mama."

"Basi subiri uone."

Sikusubiri sana. Wiki ile ile maneno yalianza. Kijana mmoja wa kanisani alimwambia fundi wa viatu, ambaye ni Mwislamu, "Buda, si umesikia Myahudi mwenyewe? Hakutaja dola yenu hata kidogo. Ametaka maombi tu." Naye akajibiwa, "Na yule mama yetu alitaja Israeli? Si alitaka yake tu? Mtajua hamjui!" Kila upande ulikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ni mimi. Kikao cha chama kilipofika, Mama Njoki akasimama na sauti yake akasema hawezi kupika tena na watu wasiotaka taifa la Mungu liwepo. Mwanamke mmoja wa msikitini akamjibu kwamba hata wao wamechoka kulisha watu wanaobariki mabomu. Ikapendekezwa tugawane: wao wabaki na hema, sisi sufuria.

Fikiria, Baba. Hema bila sufuria, na sufuria bila hema. Nani azikwe hivyo? Nikakumbuka mume wangu alivyozikwa, kwa hema la kwa Mama Zaituni na chakula cha Mama Njoki. Nilikuwa na kalamu ya katibu mkononi, natakiwa kuandika azimio.

Nilisimama nikasema, "Msigawane. Nina la kuwaambia." Nikajikaza kisabuni, nikayasema maneno ya Bwana Gideoni kama yalivyotoka kinywani mwake. Nyumba, ardhi, dola, yote. Nikayasema na ya Bi Ruwaida, mpaka lile la kosa na lile la "kando yake, si mahali pake." Sikutia chumvi. Sauti yangu ilikuwa mbaya, inakatika, na pua inatoka makamasi. Mwisho nikasema, "Hayo ndiyo waliyosema. Mengine yote mliyoyasikia ni yangu. Niliyatunga ili mnipigie makofi."

Nilisikia mtu akivuta kiti.

Mama Njoki ndiye aliyeanza. "Kwa hivyo Gideoni alisema hivyo? Mwisraeli? Kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Nami nikaitikia amina!" Akaniangalia vile Mama alivyokuwa akituangalia tukivunja sahani. "Wakesho, mimi nilikupenda kama mdogo wangu. Umenifanya mjinga mbele ya mtaa mzima." Akachukua mkoba wake akatoka. Na kijana wa Mama Zaituni, aliyekuwa amekuja kumchukua mamake, akasema polepole, "Mimi pia nimekuwa nikiwatukana watu kwa maneno ambayo yule mama hakusema. Hii ni noma, Auntie." Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Nikusimulie na matokeo, usije ukadhani nimekuwa shujaa. Ukatibu nimevuliwa, na ni haki. Mchungaji ameniambia nipumzike kutafsiri, na Jumapili ijayo mwingine atasimama pale. Bendera bado iko langoni na mchoro bado uko ukutani. Bombani wengine hunisalimia, wengine hawanisalimii. Kwenye redio nasikia mataifa makubwa yanaitambua Palestina, mengine yanapinga, wajumbe wanaruka na ndege huku na huko. Kila nikisikia msemaji akieleza walichokubaliana najiuliza ni nani anayemtafsiria nyumbani, na amemeza nini.

Lakini Alhamisi alifariki mama mkwe wa yule fundi wa viatu. Asubuhi mlango wangu uligongwa. Nikafungua, nikamkuta Mama Njoki na leso kiunoni. Hakunitazama usoni. Alisema, "Nimekuja kuchukua sufuria." Nikamsaidia kuzitoa. Moja ilikuwa na masizi, akakaa kwenye ngazi yangu akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Hema lilikuwa limeshasimama upande wa pili. Alibeba mbili, nami nikabeba moja nyuma yake, na tulipofika Mama Zaituni alitupokea wote wawili. Azimio la kugawana halikuandikwa. Hakuna aliyelifuta pia.

Baba, naona aibu mbele yako kuliko mbele ya Kaloleni yote. Wao niliwadanganya siku moja. Wewe nilikuacha ujisifu kwa uongo wangu wiki nne, nikinyamaza kwa sababu nilipenda ulivyofurahi. Ulisimama miaka thelathini kati ya watu waliochukiana, na sijawahi kusikia umepoteza neno la mtu. Nisamehe. Na kama huwezi sasa, niambie hivyo hivyo, usilizungushe.

Nisalimie Mama, mwambie nitakuja shule zikifungwa. Nisalimie kaka Mwakio na shemeji, na shangazi Mghoi aliyenifundisha kushika sindano. Mwambie bado natia uzi kwa kulamba kama alivyonikataza. Salamu pia kwa mzee wa kanisa jirani yetu, ambaye nasikia huja kuitazama hiyo picha.

Hiyo picha, Baba, iteremshe. Isikae karibu na cheti chako. Ningekutumia ya siku ile nyingine, ya kikao cha chama, ndiyo uitundike, lakini siku ile hakuna aliyepiga picha, wala makofi.

Ni mimi mwanao anayekuheshimu,
Wakesho